Maporomoko ya Sanje (Udzungwa) kwa siku moja: njia, muda na wale wanaotaka kugeuza Dar siku hiyo hiyo

Mtembea_Kilima

Wakuu habari za Jumapili. Kila mwisho wa mwezi kuna mtu anauliza Sanje inaendekaje halafu anajibiwa na watu walioiona kwenye picha za insta tu, sasa ngoja niweke uzi mmoja wa kueleweka, mwingine akiuliza arushiwe linki basi yaishe.

Kwanza kabisa Sanje haiko Mikumi. Iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoa huo huo wa Morogoro lakini upande wa Kilombero. Mikumi unaikata katikati na lami yako, unaona twiga na swala dirishani bila kulipa senti, ukifika Mikumi mjini unachepuka kushoto unashika njia ya Kidatu kwenda Ifakara. Kutoka pale hadi Mang'ula, ambako ndiko makao makuu ya hifadhi, ni kilomita sitini na kitu. Njiani unavuka Ruaha Mkuu, unapita mashamba ya miwa ya Kidatu mpaka unachoka kuyaangalia, mlima unakuwa kulia kwako muda wote umejaa msitu mpaka juu. Utapita kijiji cha Sanje kabla hujafika Mang'ula na utatamani kushuka hapo hapo. Usishuke, taratibu zote zinaanzia Mang'ula getini, ndio mnarudi Sanje na muongozaji, ni kama kilomita kumi.

Pili, huku hakuna kuzunguka na gari kutafuta simba. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990 na ni ya miguu, kwa hiyo kama kwenye kundi lenu kuna mtu ambaye ngazi za gorofa ya pili zinamtoa jasho mwambieni ukweli mapema.

Tatu, na hii ndio sababu hasa ya uzi: siku moja inatosha kabisa kwa Sanje, ila siku hiyo ianzie Mang'ula, isianzie stendi ya Magufuli pale Mbezi. Fika jana yake jioni, lala, saa moja na nusu asubuhi uwe getini, saa tatu uwe umeshaanza kupanda. Mzunguko wenyewe watu wa kawaida wanamaliza kwa masaa manne hivi, mkiwa na wapiga picha na wazee wa "ngoja nipumzike kidogo" wekeni masaa sita. Kuna njia kali kidogo mwanzoni ndani ya msitu, halafu unatokea sehemu unaona bonde lote la Kilombero chini, miwa imepangwa mistari mpaka macho yanakoma, halafu ndio unayafikia maji. Yanaanguka kwa hatua, jumla kama mita 170, na chini yake kuna dimbwi la kuogelea, baridi yake sasa… utaita jina la mama.

Maswali karibuni, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

kibajaji2

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye kulala Mang'ula sikubaliani. Sisi tulitoka Dar saa tisa usiku na noah yetu wenyewe, tukapanda, tukashuka, usiku wa saa sita tupo nyumbani. Inawezekana, tuache kutishana.

Mtembea_Kilima

Inawezekana ndio, hata kula ugali umesimama inawezekana. Swali ni je ulienda Sanje au ulienda kugusa Sanje. Piga hesabu mwenyewe, Dar mpaka Mang'ula ni zaidi ya kilomita 350, kipande cha ndani ya Mikumi ni kama kilomita 50 na unatakiwa utembee taratibu, matuta kama yote, wanyama wanakatiza hasa giza likiwa bado halijatoka, na ukigonga mnyama faini yake si ya kuchekesha. Dereva ambaye hajalala toka jana ndio huyo huyo anawarudisha usiku kipande kile kile. Mimi gari hilo sipandi.

Binti_wa_Bondeni

Mimi ni mtu wa huku huku. Naunga mkono mleta mada, wageni wa kugeuza siku hiyo hiyo tunawaona, wanafika saa tano na nusu jua kali wameshachoka na barabara, wanaanza kugombana na askari getini kwamba wapandishwe haraka haraka. Halafu nyani wote wameshaingia kwenye vivuli wamekaa kimya, mnapanda mnashuka mnasema msitu hauna kitu. Msitu wa Udzungwa ni wa asubuhi jamani.

Fundi Selemara

Kwani huko kuna nini zaidi ya maji kuanguka? Nauliza kwa nia njema. Maji yanaanguka hata Morogoro mjini ukipanda Uluguru, karibu na bei poa.

Mtembea_Kilima

Swali zuri sana hili na ndilo lililonifanya niandike, maana wengi wanaichukulia Sanje kama bafu kubwa la kupigia picha.

Ni hivi. Udzungwa ni kipande cha mwisho na kikubwa cha ile milima wanaiita Tao la Mashariki, inaanzia Taita kule Kenya inashuka Upare, Usambara, Uluguru mpaka huku. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu unagonga upande huu wa mashariki, mvua inashuka, ndio maana msitu umedumu miaka na miaka wakati vipindi vya ukame vikija na kuondoka pembeni yake. Pale Udzungwa msitu unaanza chini kabisa kama mita 250 usawa wa bahari unapanda bila kukatika hadi juu ya mita 2,000, na kilele cha Luhombero kinafika karibu mita 2,600. Sasa viumbe vilivyojifungia humo karne zote hizo vimekuwa vya kwake peke yake.

Mfano mzuri uko kwenye njia hiyo hiyo ya maporomoko. Kuna nyani mmoja wa kijivu mwenye kishungi kichwani, kwa wataalamu anaitwa mangabei wa Sanje. Wanasayansi wamemjua mwaka 1979 tu, Homewood na Rodgers walikuwa wanafanya kazi msituni wakasikia mlio ambao hawaujui. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote! Duniani kote hayupo kwingine zaidi ya milima hii. Kuna na mbega mwekundu, yule mwenye kichogo cha rangi ya kutu, naye ni wa huku huku. Kwa hiyo ukikaa kimya dakika kumi kwenye kona moja unaweza kuona kitu ambacho tajiri wa Ulaya anapanda ndege mbili kuja kukitafuta, wewe umekuja na basi la Ifakara.

Fundi Selemara

Hapo nimekuelewa. Endelea.

Binti_wa_Bondeni

Ongezea na kale ka-sengi kenye uso wa kijivu, kanafanana na panya mkubwa ila kana mdomo mrefu kama mkonga. Kametangazwa kwa wataalamu mwaka 2008. Na kwale wa Udzungwa, aligunduliwa 1991. Yaani hawa sio wa kwenye vitabu vya kale, ni juzi tu.

dogo_msamvu

Wakuu mimi sina gari. Kutoka Dar naendaje na inakuwaje kutoka Mang'ula hadi Sanje?

Mtembea_Kilima

Dogo una njia tatu. Basi la moja kwa moja Dar–Ifakara, unamwambia konda akushushe Mang'ula hifadhini, sio mjini mbele. Au treni ya SGR mpaka Morogoro, inakula kama masaa mawili hivi, halafu unakwenda stendi ya Msamvu unadaka basi la Ifakara. Hii ya pili naipenda kwa sababu mgongo unapumzika. Ya tatu ni treni ya TAZARA, ina stesheni Mang'ula, ni safari tamu kwa mwenye muda ila ratiba ithibitishe kwanza kabla hujaaga nyumbani.

Mang'ula kwenda Sanje asubuhi ni bodaboda, bajaji, au mnakodi gari mkiwa wengi. Kubaliana nauli ya kwenda NA kurudi na dereva awasubiri au muwe na namba yake, mkishuka mlimani mmechoka ndio mnageuzwa mtaji.

Mama_K

Watoto je? Nina wa miaka 7 na 11.

Binti_wa_Bondeni

Dada yangu huyo wa 11 akiwa mchangamfu anapanda vizuri tu. Huyo wa 7 inategemea na wewe, kuna sehemu za kushika mizizi na mawe na kushuka kwenyewe kunachosha magoti kuliko kupanda. Kama unataka kuanza taratibu kuna maporomoko madogo karibu kabisa na geti la Mang'ula, yanaitwa ya Prince Bernhard, yule mume wa malkia wa zamani wa Uholanzi aliyekuja kufungua hifadhi mwaka 1992. Ni mwendo mfupi, watoto wanafurahi, mbega wanaonekana bila shida. Wapeleke huko kwanza jioni mliyofika, uone pumzi zao, asubuhi utaamua.

Mama_K

Asante mdogo wangu, hiyo ya jioni sikuijua kabisa.

kibajaji2

Lazima kulipia muongozaji? Njia si inaonekana, watu wamepita wengi.

Askari Mstaafu

Lazima. Vijana mnadhani kwa sababu hakuna simba wa kupiga nao selfi basi ni bustani. Tembo wapo wanapanda mlima ule kuliko nyinyi, nyati wapo, chui yupo. Tembo msituni humuoni mpaka uko naye hatua chache, mnyama mkubwa vile ananyamaza kimya na majani yamemfunika. Muongozaji anaona mavi ya asubuhi hii, anaona tawi limevunjwa, anawasimamisha. Wewe ungeenda kupiga picha hilo tawi.

Na mkiwa kundi ada yake mnagawana, kwa hiyo kulalamika ni uvivu.

kibajaji2

Sawa mzee shikamoo, nimenyoosha mikono.

Askari Mstaafu

Marahaba. Na viatu, uvae viatu.

Mtembea_Kilima

Mzee umenikumbusha. Viatu vyenye meno, vilivyozoea mguu wako, raba nyeupe mpya ya kwendea harusi iache. Suruali ndefu na soksi unazichomekea juu kwa sababu ya siafu na upupu pembeni mwa njia, ukikanyaga msafara wa siafu na kaptula utacheza ngoma ambayo hujafundishwa. Maji lita mbili kila mtu, chakula kibebeke, koti jepesi la mvua hata kama chini kunawaka. Nguo ya kubadilisha baada ya kuoga. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi, nchi nzima ilipigwa marufuku toka Juni 2019 na hifadhini ndio kabisa, takataka zako unashuka nazo mgongoni. Ndroni bila kibali usiijaribu.

Malipo ni kwa kontroo namba au kadi, hela mkononi haipokelewi, na mtandao ukisumbua mnakaa, sababu nyingine ya kuwahi. Beba kitambulisho cha taifa maana raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao cha shilingi na wageni wengine wana chao cha dola, bila kitambulisho unabaki unajieleza kwa lafudhi. Bei sizitaji kwa makusudi, zinabadilika mwaka wa fedha ukigeuka na nyuzi za zamani ndizo zinaleta ugomvi getini.

Neema wa Mlimani

Msimu gani mzuri? Nasikia kiangazi maji yanakauka.

Mtembea_Kilima

Sanje haikauki. Kiangazi, Juni mpaka Oktoba, maji yanapungua lakini njia imekauka na dimbwi limetulia, kwa mtu wa mara ya kwanza ndio muda wake.

Binti_wa_Bondeni

Hapa ndio tunatofautiana kidogo mleta mada. Mtu aje Juni mwanzoni, masika ndio imetoka kuisha, maji bado yana nguvu, unasikia mngurumo kabla hujayaona na ule mvuke unakulowesha ukiwa mbali. Oktoba ni mazuri ndio lakini yamekonda. Machi hadi Mei yenyewe sishauri, njia inakuwa sabuni tupu.

Mtembea_Kilima

Juni nakubali. Nilikuwa nawafikiria wa kuogelea.

Askari Mstaafu

Hao wa kuogelea nao wasikilize. Mvua inaweza kunyesha juu huko mlimani nyinyi chini mna jua, maji yanakuja ghafla. Yakibadilika rangi au mkiona majani na vijiti vinaongezeka tokeni, simu mtarudi kuokota. Hakuna kuruka kutoka juu ya jiwe, chini kuna mawe hayaonekani. Na lile jiwe lenye ukijani pembeni mwa maporomoko ambalo kila mtu anataka kukaa apigwe picha, lile ndilo linalovunja watu.

Fundi Selemara

Wakuu swali la pembeni, hivi yale maporomoko ya yule chura aliyewahi kuzungumzwa mpaka bungeni ni haya haya?

Mtembea_Kilima

Hapana, yale ni Kihansi, safu hii hii ya Udzungwa lakini ni korongo jingine mbali kabisa na nje ya hifadhi hii. Ila umegusa stori nzuri na inahusu maporomoko kwa hiyo wasimamizi wasinifungie.

Kile chura ni kadogo, kanaenea kwenye ukucha wa kidole gumba kikazidi kidogo, ka-njano, na hakatagi mayai kwenye maji, kanazaa watoto kabisa. Kaligunduliwa 1996, dunia nzima kanaishi sehemu moja tu, kwenye kieneo kinacholoweshwa na mvuke wa maporomoko ya Kihansi. Sio kwenye maji, kwenye MVUKE. Bwawa la umeme la pale, megawati 180, lilipoanza kazi maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, mvuke ukapungua, wakajaribu kuweka mabomba ya kunyunyiza, halafu ukaja na ugonjwa wa kuvu wa ngozi, wakaisha. 2009 wakatangazwa hawapo tena porini. Bahati nzuri mamia kadhaa walikuwa wameshapelekwa Marekani, wakalelewa kwenye bustani za wanyama Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Ndio maana nakereka mtu akisema maporomoko ni maji yanaanguka tu. Ukiwa Sanje angalia miamba ya pembeni inayolowa muda wote, kuna mimea midogo pale haioti hata hatua hamsini kutoka hapo.

Fundi Selemara

Dah. Mimi nilijua ni mambo ya siasa tu. Lakini umeme nao tunautaka mkuu.

Mtembea_Kilima

Tunautaka ndio, hata hiyo Kidatu mnayoipita njiani inatoa megawati 204. Sijasema wangeacha kujenga. Nasema mtu akifika ajue anaangalia nini.

Binti_wa_Bondeni

Na watu wa vijijini pia muwakumbuke mkiwa mnasifia msitu. Zamani wanakijiji walikuwa wanaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku maalum, mwaka 2011 ikasitishwa. Kina mama walihangaika sana, wengine wakageukia mabaki ya mashambani, wengine wakapanda miti yao. Na tembo wakishuka shambani hawaulizi nani analinda msitu. Angalau sasa hivi kwenye barabara ya Kidatu–Ifakara wamejenga njia ya tembo kupita chini, wavuke kutoka mlimani kwenda upande wa Hifadhi ya Nyerere bila kugongana na mabasi. Kwa hiyo mkija kuleni kwetu, laleni gesti zetu, chukueni vijana wa Sanje wawabebee mizigo, msije na makulaji yote kutoka Dar mkatuachia vumbi tu.

kibajaji2

Binti umeongea. Sisi kweli tulipita na kila kitu kwenye buti hadi maji ya kunywa.

Askari Mstaafu

Na mkapita usiku.

kibajaji2

Mzee jamani 😂 nimeshanyoosha mikono.

Neema wa Mlimani

Mimi nipo na wenzangu watano tunapanga mwisho wa wiki wa kwanza wa mwezi wa sita. Ijumaa SGR ya asubuhi, Msamvu, Mang'ula jioni, yale madogo ya Bernhard kama muda upo, Jumamosi Sanje, Jumapili kurudi. Nimekosea wapi?

Mtembea_Kilima

Hapo kwenye Bernhard tu. Ijumaa mkichelewa Msamvu mtafika giza, msilazimishe, na mjue kila siku mnayoingia hifadhini inalipiwa. Wekeni Jumapili asubuhi kabla ya basi kama magoti yatakuwa bado yanawatii. Vingine viko sawa. Pigeni simu hifadhini mapema mseme mko sita mnataka muongozaji saa moja na nusu, wikiendi wanaisha.

dogo_msamvu

Neema mna nafasi ya mtu wa saba? Nipo Moro hapa hapa, nawapokea Msamvu kabisa na basi naweza kuwakatia tiketi.

Neema wa Mlimani

Njoo PM dogo. Kitambulisho unacho?

dogo_msamvu

Kile cha NIDA bado namba tu, kadi haijatoka.

Askari Mstaafu

Beba na cha mpiga kura.